Dawa Moja Mbele ya Virusi Vinavyobadilika Haraka: Uchambuzi wa Kisa cha AZT, 1987 hadi 1996

Tarehe 19 Machi 1987, AZT iliidhinishwa nchini Marekani na kuwa dawa ya kwanza ya kutibu maambukizi ya VVU. Jaribio lililoifikisha hapo lilikuwa na wagonjwa 282, nalo lilisitishwa Septemba 1986 kabla ya muda wake kwa sababu isingekuwa haki kuliendeleza: miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamefariki 19, na miongoni mwa waliopewa AZT alikuwa amefariki mmoja. Kwa ugonjwa ambao hadi wakati huo haukuwa na tiba yoyote, tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na watu waliokuwa wakizika jamaa na marafiki mfululizo walikuwa na kila sababu ya kutumaini.

Tumaini hilo halikukaa muda mrefu. Katika jaribio lilelile, idadi ya seli za CD4, ambazo ndizo VVU hushambulia, ilipanda kwa waliotumia dawa, kisha baada ya miezi michache ikarudi ilikokuwa. Machi 1989, Brendan Larder, Graham Darby na Douglas Richman walichapisha matokeo ya kuvipima virusi vilivyotolewa kwa wagonjwa waliokuwa wametumia AZT kwa miezi sita au zaidi, na wakaonyesha kwamba vilikuwa vimepata usugu. Baadhi vilihitaji dawa mara 100 zaidi ili kuzuiwa. Kisha jaribio la Concorde, lililofanywa Uingereza, Ireland na Ufaransa kwa watu 1,749 wenye maambukizi lakini wasio na dalili, likaonyesha kwamba walioanza AZT mapema hawakuishi muda mrefu zaidi kuliko waliosubiri hadi dalili zijitokeze.

Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa makini ni kwamba kipo kisa kingine pembeni yake, kilichotokea karibu wakati uleule, ambacho hakikuishia hapo. Asiklovia, dawa ya virusi vya herpes iliyotoka katika kampuni ileile ya Burroughs Wellcome na inayotumia mbinu inayokaribiana sana na ya AZT, imekuwa ikitumika peke yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa watu wenye kinga imara usugu dhidi yake umebaki kuwa jambo la nadra. Dawa mbili za ukoo mmoja, virusi viwili, na hatima mbili zilizoachana kabisa. Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba VVU ni virusi vya RNA, na virusi vya RNA hubadilika upesi. Jibu hilo si la uongo, lakini ukiliacha peke yake linapotosha, kwa maana linachanganya mambo matatu yasiyofanana: mara ngapi kirusi kinakosea kinapojinakili, kinajinakili mara ngapi, na ni makosa gani kati ya hayo yanayopata nafasi ya kuendelea.

Namna AZT inavyofanya kazi

VVU hubeba maelekezo yake katika RNA yenye herufi za kinasaba zipatazo 9,700. Kikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya chake cha unakili kinyume hutumia RNA hiyo kutengeneza DNA, na DNA hiyo huchomekwa ndani ya DNA ya seli yenyewe. AZT inafanana sana na thaimidini, mojawapo ya viungo vya kujengea DNA, isipokuwa kwamba mahali ambapo kiungo kinachofuata kingeshikia pamezibwa. Kimeng'enya kikiichukua kwa kudhani ni thaimidini, mnyororo wa DNA unaishia papo hapo na unakili unakwama. Asiklovia nayo hujifanya kiungo kingine, guanosini, na kuukatiza mnyororo wa DNA ya herpes kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo tofauti ya hatima haikutokana na ubunifu wa dawa, bali ilitokana na yule anayenakili.

Makosa ya kunakili, na mpaka wa maelezo hayo

Kimeng'enya kinachonakili DNA ya herpes kina sehemu ya pili inayofanya kazi ya uhakiki: herufi isiyolingana ikiingia, kimeng'enya husita, hurudi hatua moja, huing'oa na kuweka iliyo sahihi. Kimeng'enya cha unakili kinyume cha VVU hakina sehemu hiyo. Ni kama karani anayenakili kitabu usiku kucha bila kuruhusiwa kuinua macho na kusoma alichokwisha kuandika. Louis Mansky na Howard Temin walipima makosa yake mwaka 1995 wakapata takriban herufi 3 kwa kila 100,000 katika mzunguko mmoja. Ukizidisha kiwango hicho kwa urefu wa jenomu ya VVU, yaani maelekezo yake yote ya kinasaba, unakuta kwamba karibu nakala moja katika kila tatu ina kosa jipya.

Kwa ujumla virusi vya RNA hukosea kati ya herufi moja kwa kila 10,000 na herufi moja kwa kila milioni moja, ilhali virusi vya DNA hukosea kati ya herufi moja kwa kila milioni moja na moja kwa kila milioni 100. Seli zetu, zenye uhakiki pamoja na mifumo ya ukarabati inayofuata baadaye, hukosea kwa nadra zaidi, chini ya herufi moja katika bilioni. Kuna uhusiano wa karibu kati ya viwango hivi na urefu wa jenomu. Manfred Eigen alieleza mwaka 1971 kwamba kadiri maelekezo yanavyokuwa marefu ndivyo unakili unavyolazimika kuwa makini zaidi, la sivyo makosa hujirundika hadi kizazi kinachofuata kinashindwa kuishi. Ndiyo maana jenomu nyingi za RNA ni fupi, na ndiyo maana virusi vya korona, vyenye herufi karibu 30,000, ni mfano wa kipekee: vinabeba kimeng'enya cha uhakiki, jambo ambalo virusi vingi vya RNA havina, na hubadilika polepole kuliko virusi vya mafua kwa kila herufi inayonakiliwa. Herpes ina jozi za herufi takriban 152,000, na isingeweza kuishi kwa uzembe wa VVU.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiishie. Yupo jamaa wa VVU anayeitwa HTLV-1, aliyetangazwa mwaka 1980, kabla VVU havijajulikana. Naye hubeba RNA, naye hutumia unakili kinyume bila uhakiki, naye huishi ndani ya seli za CD4 za binadamu kwa maisha yote. Kimeng'enya chake hukosea kidogo kuliko cha VVU, lakini tofauti hiyo ni ya mara chache tu. Hata hivyo, virusi vya HTLV-1 vilivyomo ndani ya mtu mmoja hufanana mno, tofauti na VVU ambavyo ndani ya mtu mmoja huweza kuwa umati wa aina zisizohesabika. Sababu ni kwamba HTLV-1, baada ya kujichomeka katika DNA ya seli, huongezeka hasa kwa kuifanya seli hiyo igawanyike. Seli inapogawanyika, jenomu ya kirusi hunakiliwa na vimeng'enya vya seli, vile vyenye uhakiki na ukarabati. Kimeng'enya chake chenye makosa hakipewi kazi mara nyingi.

Kwangu mimi huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kiwango cha makosa na kasi ya kubadilika ni vitu viwili. Kosa hutokea wakati wa kunakili. Asiyenakili hakosei, hata awe mzembe kiasi gani.

Wingi wa nakala

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa kawaida kufikiri kwamba katika miaka ile ambayo mtu mwenye VVU haonyeshi dalili, virusi vimelala. Januari 1995 makala mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, moja ya David Ho na wenzake, nyingine ya Xiping Wei, George Shaw na wenzao, na zikaibomoa dhana hiyo. Watafiti waliwapa wagonjwa dawa mpya zenye nguvu na kufuatilia jinsi virusi vilivyopungua katika damu siku hadi siku. Vilipungua kwa kasi kubwa, na maana yake haikwepeki: ikiwa virusi hutoweka upesi hivyo pindi uzalishaji unapozuiwa, basi kabla ya kuzuiwa vilikuwa vikizalishwa upesi vilevile. Mwaka uliofuata Alan Perelson na wenzake walikadiria kwamba ndani ya mtu mmoja huzalishwa chembe za virusi zisizopungua bilioni 10 kila siku, na kwamba kizazi kimoja cha virusi huchukua takriban siku mbili na nusu.

Sasa hesabu inawezekana, na naiweka hapa kwa sababu bila hesabu kisa hiki hubaki kuwa fumbo. Chembe nyingi kati ya hizo bilioni 10 haziambukizi chochote, kwa hiyo tuhesabu seli mpya zinazoambukizwa, na tuchukue kadirio la chini la milioni 10 kwa siku. Kosa fulani mahususi, yaani herufi fulani igeuke kuwa herufi nyingine fulani, lina uwezekano wa takriban mmoja kwa 100,000. Zidisha, na utaona kwamba kila kosa moja linalowezekana katika jenomu nzima hutokea karibu mara 100 kwa siku, ndani ya mtu mmoja, kila siku, kwa miaka. Usugu dhidi ya AZT unaohitaji herufi moja haukungoja dawa ifike. Ulikuwamo tayari kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza.

Herpes, kwa upande wake, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikiwa imetulia ndani ya seli za neva bila kujinakili, huamka mara kwa mara kwa siku chache, kisha kinga huituliza tena. Usugu dhidi ya asiklovia hutokea, na unaongezeka waziwazi kwa wagonjwa ambao kinga yao imedhoofika na ambao herpes hujinakili ndani yao kwa wiki nyingi mfululizo. Kirusi ni kilekile na kimeng'enya ni kilekile. Kilichoongezeka ni muda wa kunakili pasipo kizuizi.

Nafasi ya 70 na nafasi ya 215

Mabadiliko yanayoleta usugu dhidi ya AZT yalitambuliwa katika nafasi chache za kimeng'enya cha unakili kinyume: 41, 67, 70, 210, 215 na 219. Mbili kati ya hizo zinaonyesha kila kitu kwa karibu.

Katika nafasi ya 70, herufi tatu za RNA zinazoagiza asidi amino (kiungo cha kujengea protini) iitwayo lisini ni AAA. Ikigeuka moja tu, zikawa AGA, asidi amino inakuwa arjinini, na kirusi kinapata usugu kiasi. Katika nafasi ya 215, herufi za kawaida ni ACC, zinazoagiza threonini. Ili usugu mkubwa upatikane, lazima igeuke kuwa tairosini au fenilalanini, na zote mbili zinahitaji herufi mbili zibadilike. Wagonjwa walipofuatiliwa tangu mwanzo wa matibabu, badiliko la nafasi ya 70 lilijitokeza kwanza, likaenea, kisha likafifia na kuachia nafasi lile la 215. Mpangilio huu hautokani na hekima yoyote ya kirusi. Badiliko la herufi moja lilikuwapo kwa wingi siku ya kwanza, kwa hiyo lilitangulia. Lile la herufi mbili lilikuwa adimu, likachelewa, lakini lilipofika lilikuwa bora na likayashinda mengine. Baadaye mabadiliko mengine yakaongezeka juu yake, na kazi hiyo ilirahisishwa na tabia nyingine ya VVU: kila chembe hubeba nakala mbili za RNA, na kimeng'enya huruka kutoka nakala moja hadi nyingine kikiwa kazini, hivyo mabadiliko yaliyozaliwa mbalimbali yanaweza kukutanishwa katika mnyororo mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilieleweka pia mabadiliko hayo hufanya nini. Hayamfundishi kirusi kuikataa AZT isiingie. Yanakipa kimeng'enya uwezo, kwa msaada wa ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, wa kuing'oa AZT iliyokwisha kuingia mwishoni mwa mnyororo na kuendelea kunakili. Kimeng'enya kisichoweza kuhakiki herufi zake chenyewe kimepata njia ya kuondoa kosa moja tu, lile lililowekwa na dawa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mchujo hauhitaji nia. Unahitaji makosa mengi na kizuizi kimoja kilichokaa palepale muda mrefu.

Kizuizi hicho ndicho jambo la tatu. Kabla ya AZT, virusi vyenye mabadiliko haya vilikuwa vikizaliwa na kupotea, kwa kuwa katika mwili usio na dawa vilikuwa dhaifu kidogo kuliko vingine. Dawa iliposimama peke yake ndipo vilipopata faida. Kirusi cha surua kinaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Surua ni kirusi cha RNA kisicho na uhakiki, na hukosea kama jamaa zake. Lakini chanjo iliyotokana na kirusi kilichotengwa mwaka 1954 bado inakinga dhidi ya surua ya leo, wakati chanjo ya mafua hulazimika kupitiwa upya kila mwaka. Sehemu za protini ambazo surua hutumia kushikamana na seli, ambazo ndizo kingamwili hulenga, haziwezi kubadilika sana bila kirusi kupoteza uwezo wa kuambukiza. Makosa hutokea, yanayoyagusa maeneo hayo hufa, na anayetazama kwa nje huona kirusi kisichobadilika.

Swali ambalo msomaji makini atauliza ni kwa nini virusi vya RNA havikujipatia unakili makini zaidi, ikiwa makosa mengi yanaviharibu. Kirusi cha polio kimetoa sehemu ya jibu. Mwaka 2003 Julie Pfeiffer na Karla Kirkegaard walieleza aina ya kirusi hicho ambayo, kwa badiliko moja katika nafasi ya 64 ya kimeng'enya chake cha kunakili, hukosea kidogo kuliko kawaida. Katika panya aina hiyo ilikuwa dhaifu. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba udhaifu ulitokana na upungufu wa tofauti kati ya nakala zake. Kazi za baadaye zimeelekeza lawama kwenye mwendo, kwamba umakini hupunguza kasi ya kunakili na kirusi kinachochelewa hupitwa na wenzake na kuwahiwa na kinga. Naona maelezo haya ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu hayahitaji kirusi kiwe kimejiandaa kwa siku zijazo.

Kilichobadilika mwaka 1996

Rudi kwenye hesabu. Kosa moja mahususi hutokea karibu mara 100 kwa siku. Makosa mawili mahususi katika nakala moja kwa mkupuo yana uwezekano wa mmoja kwa bilioni 10, yaani kwa seli milioni 10 za kila siku yatatokea mara moja katika siku 1,000 hivi. Makosa matatu yatahitaji zaidi ya miaka 200,000. Hesabu hii ni ya makadirio, na usugu halisi una njia nyingi kuliko moja, lakini tofauti kati ya moja na tatu ni kubwa kiasi kwamba makadirio hayawezi kuifuta. Kirusi kinachokabiliwa na dawa tatu kwa pamoja huhitaji angalau kosa moja kwa kila dawa, na hapo ndipo msingi wa tiba ya dawa tatu ulipo, tiba ambayo matokeo yake yaliwasilishwa Vancouver Julai 1996 na ambayo ilibadilisha maisha ya watu wenye VVU kuliko kitu chochote kilichotangulia.

Inauma kukumbuka kwamba dawa nyingi zilizohitajika zilikuja moja moja, na wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya walizipokea moja moja, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuwapa. Aliyeongezewa dawa ya pili juu ya AZT iliyokwisha kushindwa alikuwa, kwa hesabu, amerudishwa kwenye dawa moja. Lamivudini, iliyoidhinishwa Novemba 1995, ilionyesha hilo kwa ukali: ikitumiwa peke yake, badiliko la herufi moja katika nafasi ya 184, ATG kuwa GTG, huenea ndani ya wiki chache. Na bado badiliko hilohilo hudhoofisha uwezo wa kimeng'enya wa kuing'oa AZT, kwa hiyo lamivudini na AZT zikitumiwa pamoja hukibana kirusi katika njia zinazopingana. Dawa hizo mbili, ambazo kila moja ilishindwa peke yake, zikawa kwa miaka mingi nguzo ya matibabu duniani.

Dawa tatu zilifanya jambo moja zaidi, lililo muhimu kuliko hesabu ya uwezekano. Zilisimamisha unakili. Kimeng'enya cha VVU hakikuboreshwa hata kidogo. Bado kinakosea herufi 3 kwa 100,000 kila kinapopewa kazi. Lakini kwa mtu anayemeza dawa bila kukatiza, virusi vilivyobaki vimejificha ndani ya seli zilizotulia, na seli hizo zikigawanyika hunakiliwa na vimeng'enya makini vya mwili. Ndani ya mtu huyo VVU huwa karibu na hali ya HTLV-1: kirusi kilekile kinachosifika kwa kubadilika hukaa miaka bila badiliko la maana.

Maficho hayo, kwa upande mwingine, huhifadhi kila kilichoingia humo kabla. Virusi vyenye badiliko la nafasi ya 215 vilivyojichomeka katika seli wakati wa AZT peke yake hubaki humo hata pale vipimo vya damu visipoviona tena, na dawa ileile ikirudishwa pasipo dawa nyingine zenye nguvu pembeni yake, ndivyo vitakavyoibuka. Kwa watu walioambukizwa na kirusi chenye usugu huo huonekana pia herufi za kati katika nafasi ya 215, ambazo si ACC ya asili wala si za usugu kamili, zikiwa hatua moja tu kutoka kwenye usugu. Kwa sababu hiyo mtaalamu anayebadilisha matibabu huuliza kwanza mgonjwa amewahi kutumia dawa gani, tangu lini, na kama kuna wakati alitumia moja bila nyingine, hata kama kipimo cha usugu cha wiki hiyo kimerudi kikiwa safi.